Uzi Mwekundu na Kamera Mbili

Theuri wa Wamagana hakunywa chai ya asubuhi kabla ya kuutazama Mlima Kenya. Alikuwa mpiga picha, na watu wa eneo lake la Tetu walipenda kupigwa picha huku mlima ukionekana nyuma yao. Kila kulipopambazuka alivaa koti lake la baridi, akasimama kando ya zizi na kuelekeza macho mashariki. Mlima ukiwa wazi, alirudi jikoni akipiga mbinja. Ukiwa umejifunika, alikunywa chai yake kimya.

"Baba, mlima umeamka?" bintiye Nyawira alizoea kumwuliza.

"Umeamka, lakini hautakaa," Theuri alijibu karibu kila siku. Na kweli haukukaa. Katika nchi ya Nyeri hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mlima huonekana asubuhi na mapema. Kabla akina mama hawajajaza vikapu vyao majani chai, mawingu huwa yameufunika mpaka miguuni.

Nyawira alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na Desemba hiyo shule zilikuwa zimefungwa. Kwa kawaida angekuwa na furaha. Lakini kamera ya baba yake, iliyowalisha kwa miaka mingi, ilikuwa imekwama na fundi alikuwa amekata tamaa nayo. Wakati huohuo, arusi ya binti ya Mzee Gicheru wa kanisa ilikuwa imekaribia, na Theuri alikuwa amekubali kuipiga picha. Zamani hizo hapakuwa na simu za kupiga picha mfukoni. Arusi ilikuwa na mpiga picha mmoja, naye akiharibu, imeharibika. Kila mtu alimkumbuka Kihara wa ng'ambo ya mto, ambaye picha zake za arusi zilitoka nyeusi kama makaa. Hakuna aliyemwita tena. Sasa Kihara alikuwa anauza makaa yenyewe, na wateja hawakukosa la kumtania.

Theuri hakutaka kuwa Kihara wa pili. Aliuza mtamba wake, ng'ombe jike mchanga, akaanza kutafuta kamera iliyotumika, kwa kuwa mpya hakuiweza. Alizipata mbili, na wenyewe wakamwazima azijaribu kwanza. Moja ilikuwa ya Kagure, mjane wa mpiga picha mmoja wa zamani mjini Nyeri. Kamera hiyo ilikaa ndani ya mfuko wa ngozi ulionukia rangi ya viatu, nayo iling'aa kama sufuria ya wageni. Ya pili ilikuwa ya Muchangi, mpagazi wa Naro Moru aliyewabebea wageni mizigo mlimani. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia kama zawadi. Rangi yake ilikuwa imechubuka, na ukanda wake ulikuwa umekatika, Muchangi akafunga kipande cha kamba ya kupandia mlima.

"Hii imelala kwa mawe na mimi, ikakaushwa kando ya moto," Muchangi alisema alipoileta. "Iko na makovu, lakini inaona."

Nyawira aliitazama kamera ya makovu, kisha akaitazama ile ya kung'aa. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua.

Siku ya kujaribu, Theuri alilazimika kupeleka majani chai kwenye kituo cha kuyapima. Kwa kuwa alikuwa amemfundisha bintiye kazi ile kidogo kidogo, alimwachia kamera zote mbili, kila moja na filamu yake ndani. Alimweleza taratibu. Kila kitu akipige mara mbili, kwa kamera hii na hii, papo hapo, ili zilinganishwe kwa haki. Filamu ikiisha, airudishe ndani ya mkebe wake na kuutoa. Kisha akampa nyuzi mbili kutoka kwenye kiondo, kikapu ambacho mama ya Nyawira alikuwa anakisuka.

"Mkebe ukitoka tu, funga uzi. Mwekundu ni wa kamera ya Kagure, mweupe ni wa Muchangi. Mikebe hii inafanana, usije ukaichanganya."

Nyawira aliitikia. Lakini alipoishika kamera ya kung'aa, alisahau habari ya haki. Alimpiga picha mama yake mlangoni, akapiga zizi, mchai na paa la jiko, na hakuiweka chini mpaka filamu ikaisha yote. Aliutoa mkebe, akautia katika mfuko wa sweta. Uzi ataufunga baadaye, alijiambia, afunge yote miwili kwa pamoja. Alikula viazi vyake vya asubuhi, akateka maji, ndipo akaichukua kamera ya Muchangi na kuzunguka tena palepale, mara hii kwa haraka haraka kama mtu anayelipa faini.

Mara tu alipoutoa mkebe wa pili, alimsikia mama yake akipiga kelele kwamba ng'ombe ameingia kwenye sukuma wiki ya jirani. Nyawira aliutumbukiza mkebe mfukoni, akakimbia. Ng'ombe alirudishwa, jirani akaombwa radhi, na hapo ndipo Nyawira alipoingiza mkono katika mfuko wa sweta. Mikebe ilikuwa miwili, mfuko mmoja, na haikuwa na tofauti hata ya mkwaruzo.

Aliiweka kwenye kiganja, akaigeuza huku na huku. Alisikia hatua za baba yake zikipanda kutoka barabarani. Bila kufikiri, alichukua mkebe mmoja na kuufunga uzi mwekundu, wa pili akaufunga mweupe.

"Umefanya kama nilivyokwambia?" Theuri aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

Alimkabidhi mikebe, akaingia ndani haraka.

Filamu zilipelekwa kusafishwa mjini, na Theuri akarudi na bahasha mbili. Alikuwa na furaha. Picha za uzi mwekundu zilikuwa safi, hata mikunjo ya leso ya Mama ilihesabika. Za uzi mweupe zilikuwa zimefifia, kana kwamba zimemwagiwa maziwa. Theuri alisema alijua tu, kitu kilichotunzwa hujionyesha. Angeinunua ya Kagure siku mbili kabla ya arusi, siku ambayo Muchangi naye angefika Nyeri kuchukua yake. Alimwita Nyawira aje aone kazi ya mikono yake. Nyawira alisema mikono yake ina maji ya vyombo. Aliogopa hata kuzigusa picha hizo.

Kuanzia hapo hakuwa na raha. Akiwa anachuma majani chai, aliwaza kwamba huenda amepatia. Akiwa anakamua ng'ombe, aliwaza kwamba huenda amekosea, na kwamba mtamba wa baba yake angebadilishwa kwa kamera kipofu. Aliziona picha za arusi zikitoka za maziwa matupu, na mama ya bibi arusi akizitazama na kulia. Alimwona baba yake kando ya barabara na magunia ya makaa. Githeri, mahindi yake na maharagwe, aliiacha nusu sahani, na mama yake akamchemshia tangawizi akidhani ni mafua.

Siku moja alikata shauri kusema. Alimfuata baba yake zizini na kusimama nyuma yake. Lakini kabla hajafungua kinywa, Theuri aligeuka akamwambia kwamba arusi ikipita salama, atamfundisha kazi yote ya kamera, kwa sababu sasa ameona kuwa anaaminika. Nyawira alimeza mate na maneno yakashuka nayo. Neno hilo "anaaminika" lilimwumiza kuliko kiboko.

Siku ya kununua, Theuri alimchukua waende pamoja Nyeri, kama zawadi. Nyumba ya Kagure ilikuwa katika mtaa wa Ruring'u, ndogo na nadhifu, na dirisha lake lilielekea jua. Mama huyo mzee aliwakaribisha chai. Muchangi alikuwa amekwisha kufika, kofia ya sufu kichwani. Theuri aliziweka kamera mbili mezani pamoja na bahasha za picha. Alimwomba Muchangi radhi kwa kutoichukua yake, naye Muchangi akasema hakuna neno, ingawa uso wake ulionyesha lipo. Aliinuka, akaitia kamera yake begani kwa ile kamba, akaaga. Theuri alitoa pesa za mtamba na kuzisukuma mezani kuelekea kwa Kagure.

Nyawira alitazama mkono wa baba yake. Akaona kwamba ukiachia zile pesa, hapatakuwa na njia ya kurudi.

"Baba, ngoja," alisema. "Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui mkebe gani ulikuwa wa kamera gani. Nilitia yote mfuko moja. Uzi nilifunga kwa kubahatisha."

Theuri alikaa tu, mkono juu ya pesa, akimtazama bintiye kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Muchangi alisimama mlangoni. Nyawira alianza kulia kimya kimya. Aliona aibu mbele ya watu wote, na bado alishangaa kuhisi kifua chake kimepata nafasi ya kupumua.

Kagure angeweza kunyamaza akachukua pesa zake, lakini alizirudisha polepole upande wa Theuri, akamwambia aziweke kwanza. Kisha akamgeukia msichana.

"Mtoto wangu, ulianza na gani?"

"Na hii yako, Cucu," Nyawira alijibu, akimwita bibi kama watoto wa Nyeri waitavyo. "Niliipenda. Nilimaliza filamu yake yote kabla ya kushika ile ingine. Baba alikuwa amesema nipige zote pamoja, na sikufanya hivyo."

"Na ukipiga na hii yangu, mlima ulikuwa unaonekana?"

"Ndiyo, ulikuwa wazi. Nikianza na ya pili mawingu yalikuwa yamefunika."

Theuri aliinua kichwa. Alizitoa picha, akazipanga mezani, na wote wanne wakainama. Siku zote hizo alikuwa ametazama uso wa mkewe na majani ya mchai. Hakuwa ametazama mbingu. Katika zile picha safi za uzi mwekundu, nyuma ya paa la jiko palikuwa na wingu tupu. Katika zile zilizofifia, mlima ulisimama palepale juu ya paa, hafifu lakini mzima, na vilele vyake vyote. Picha mbaya zilipigwa mapema. Zilikuwa za kamera ya kung'aa.

Kagure hakubisha. Aliifungua lenzi ya kamera yake na kuinua kioo kuelekea jua la dirishani. Alikikazia macho kwa muda mrefu, kisha akampa Theuri naye atazame. Ndani kabisa, katikati ya vioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, ukungu ulikuwa umeota nyuzi nyeupe kama ule wa mkate uliosahauliwa.

"Mzee wangu alipokufa, nilisema hii haitaguswa na vumbi," Kagure alisema. "Nikaifungia kwa mfuko wa ngozi, nikaiweka ndani ya sanduku. Naitoa tu kupangusa nje, narudisha. Na baridi hii ya kwetu, ukungu wa Julai. Kumbe ni mimi nilikuwa naiua."

Aliuvuta mfuko wa ngozi na kuukunja magotini. Nyawira alimhurumia kuliko alivyojihurumia mwenyewe. Lakini bibi yule alimshika mkono na kumvuta karibu.

"Wazee walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Hii ilificha ugonjwa wake ndani, na inang'aa nje. Wewe umetoa wako kwa jua. Umechelewa, lakini umetoa."

Theuri aliinunua kamera ya Muchangi, pamoja na kamba yake. Muchangi alipokea pesa akitabasamu, akasema kwamba yeye alieleza mapema kuwa inaona, ila watu wa Tetu ati lazima wapewe mtihani.

Arusi ikafika. Theuri alifanya kazi tangu kanisani hadi nyumbani kwa Mzee Gicheru, na kila filamu ilipotoka kwenye kamera, Nyawira aliifunga uzi kabla hata ya kuvuta pumzi. Bado hakuwa na amani mpaka picha ziliposafishwa. Mama ya bibi arusi alizitazama moja baada ya nyingine, akalia kweli, lakini kwa furaha, akaagiza nakala nyingine za kuwapa shangazi za bibi arusi. Walipokuwa wakirudi kutoka kuzipeleka, walipokwisha kuvuka daraja, Theuri akaongea.

"Kuchanganya mikebe si kosa kubwa. Hata mimi nimewahi. Kosa lilikuwa kufunga uzi juu ya kitu usichokijua, ukatuacha sisi wote tuamini uzi. Ungeniambia 'sijui' siku hiyo, ningekasirika kidogo, halafu tungekaa chini na kuzitazama picha pamoja. Jibu lilikuwa ndani yake tangu mwanzo. Woga ndio ulikuzuia usilione."

"Nimeelewa, Baba," Nyawira alisema. Alitaka kuuliza kama bado anaaminika, lakini hakuthubutu.

Kesho yake asubuhi alikuwa jikoni akipuliza moto. Baba yake aliingia na koti lake, na badala ya kwenda zizini akaketi kwenye kigoda na kushika kikombe. Kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeuliza.

"Nyawira, mlima umeamka?"

Msichana alikuwa hajatoka nje. Zamani angejibu tu ndiyo, maana karibu kila siku jibu lilikuwa ndiyo.

"Sijui, Baba," alisema, akainuka na kufungua mlango. "Ngoja nitazame."

Theuri alikiweka kikombe chini, akamsubiri.