Sindano Katika Vigodoro

Kila alasiri, baada ya kuvua sare ya shule na kula, Kifungo alikaa mkekani karibu na cherehani ya shangazi yake. Jina hilo alilipata alipokuwa mdogo zaidi, siku alipomeza kifungo cha koti la mteja, na mteja akakataa katakata kungoja kirudi.

Shangazi alikuwa fundi wa nguo, na vipande vilivyobaki havikutupwa. Kifungo alivitumia kujaza vigodoro vya mbwa na paka wa kituo cha wanyama waliotelekezwa. Kituoni kwenyewe hakuweza kuingia, kwa kuwa alikuwa na pumu, na manyoya kidogo tu yalitosha kumbana kifua. Vigodoro ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kuwasaidia, naye aliipenda kazi hiyo kupita michezo yote. Shangazi alishona pande tatu kwa cherehani, Kifungo akajaza, kisha akaziba upande wa nne kwa mkono.

"Sindano ina makao mawili tu," shangazi alizoea kumwambia. "Vidoleni mwako au kwenye kimto chake. Kwingine kokote ni balaa."

Siku hiyo mlezi wa kituo alifika mapema kuliko walivyoahidiana. Watu walimwita Mama Makucha kwa jinsi mikono yake ilivyojaa mikwaruzo ya paka. Kifungo alikuwa ndiyo kwanza amalize kushona. Akachomeka sindano kwenye kitambaa mara moja, akainuka kumsaidia kufunga mzigo wa vigodoro kwenye baiskeli. Mama Makucha akashukuru, akaondoka.

Kifungo alipoanza kukusanya vifaa, aliona kimto ni kitupu. Alitikisa mkeka. Alichukua sumaku ya shangazi, akaipitisha sakafuni kote. Ilinasa pini chache tu. Hapo akakumbuka alipoichomeka: kwenye kigodoro.

Je, aseme? Akisema, nani atampa tena kazi ya vigodoro? Shangazi alikuwa ameinama, anapima suruali ya mteja. Haraka haraka Kifungo akachomoa sindano mpya kwenye pakiti, akaichomeka kimtoni. Sindano zinafanana, nani angejua?

Simu ya shangazi ikalia. "Mama Makucha ametuma picha," alisema akicheka. "Hebu waone wateja wako."

Pichani, kitoto cha mbwa kilikuwa kimeng'ang'ania pembe ya kigodoro, kinaitafuna kwa raha zake zote. Kifungo alitazama meno yale madogo, na hofu aliyokuwa nayo kwa ajili ya nafsi yake ikageuka kuwa hofu nyingine kubwa zaidi.

"Shangazi, sindano imo katika mojawapo ya vigodoro."

Shangazi alitazama kimto. "Na hii hapa?"

"Mpya. Nimeiweka ili usijue."

Shangazi hakugomba, jambo lililomtisha Kifungo zaidi. Alipiga simu, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, kimya. Akatia sumaku na mkasi mkobani, akafunga mlango. "Chukua dawa yako ya pumu. Twende."

Walitembea upesi. Kituoni, Kifungo alibaki nje ya uzio, vidole vimeshika waya. Aliwaona wale watu wazima wawili wakikipokonya kitoto cha mbwa kigodoro chake, na shangazi akipitisha sumaku taratibu, juu na chini.

"Hiki hakina kitu," shangazi alisema.

Kifungo akashusha pumzi. "Labda ilianguka njiani, shangazi."

"Labda haitoshi, mwanangu. Tutavipima vyote."

Wakapima kimoja baada ya kingine, bila kuona sindano. Mwishowe kikabaki kigodoro cha paka mzee mwenye jicho moja, ambaye hakutaka kabisa kuondoka. Mama Makucha alimnyanyua, akaongezewa mkwaruzo mwingine. Sumaku iliposhushwa, kitambaa kikainuka kidogo. Shangazi alifumua uzi, akachomoa sindano. Ilikuwa pale pale tumbo la paka lilipokuwa limelala.

Kifungo alilia. Mama Makucha akaja hadi uzioni.

"Unajua wanyama hawa nawapataje?" aliuliza. "Wengi huachwa hapa getini. Nikifungua, aliyewaleta ameshatokomea, kwa sababu ya aibu. Wewe umeona aibu, na bado umekuja."

"Sitashona tena?" Kifungo aliuliza.

"Nani amesema? Wenzake huyu mzee wanalala kwenye saruji."

Njiani kurudi, shangazi alimshika mkono. "Kuisahau sindano ni kosa la fundi yeyote, hata mimi limenipata. Ile ya pili, uliyoichomeka kimtoni, ndiyo iliyoniuma. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Leo kifo kingemfika paka asiye na hatia. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado lina dawa."

Nyumbani, Kifungo alirudisha sindano mpya kwenye pakiti. Ile ya zamani aliitia uzi mrefu mwekundu, ionekane popote itakapokuwa, akaichomeka kimtoni. Kisha akavuta gunia la vipande, akaanza kigodoro kingine.