Mama wa Saa Nane Mchana

Siku ya kwanza alidhani ni jirani aliyewaogesha.

Alirudi kutoka kazini saa kumi na nusu, miguu imemvimba, nguo zinanuka dawa za maabara, akawakuta watoto wake wawili wamekaa sakafuni wanapanga vifuniko vya chupa, wasafi kama wanaongoja mgeni. Msichana, mwenye miaka saba, alikuwa amesukwa nywele, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula. Mdogo wake wa miaka minne, ambaye nyumbani waliishia kumwita Kitinda, alikuwa amekatwa kucha. Na Kitinda hakuwahi kukatwa kucha bila kuwatoa majirani nje kwa makelele.

"Bibi wa chini kanifanyia kazi yangu leo," mama alisema huku akivua viatu.

"Bibi gani?" msichana aliuliza, bila kuinua macho.

Mama hakusikia vizuri, au alisikia na uchovu ukamwambia asisikie. Chumbani mlikuwa na harufu ya vumbi lililonyeshewa mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu.

Walikuwa na siku kumi na mbili tu katika mtaa ule. Uhamisho ulimjia miezi minane baada ya kumzika mumewe, naye akaupokea kama aliyetumbukia kisimani anavyopokea kamba. Alitangulia jijini peke yake kutafuta nyumba, daftari mkononi. Mtaa wa kwanza ulikuwa ubavuni mwa soko, watu kama siafu, choo kimoja kwa familia sita. Wa pili ulipakana na gereji. Nyundo toka alfajiri, magari yanarudi nyuma bila kutazama, na yeye akamwona Kitinda chini ya tairi kabla hata hajamleta. Wa tatu ndio huu. Barabara tulivu, shule ng'ambo ya barabara kuu, hospitali mwendo wa robo saa kwa miguu, kiwanja chenye bembea mbili na miti ya kivuli. Mwenye watoto wadogo atake nini tena? Akatia alama ya vyema. Kitu kimoja tu hakukiandika, maana hakujua akiandike upande gani: saa nzima aliyozunguka mtaani hakusikia mtoto hata mmoja akilia, akicheka wala akigombezwa.

Chini ya nyumba yao aliishi mshonaji, mwanamke mtu mzima, yeye na cherehani yake. Ndiye aliyekubali kuwavusha watoto barabara shule inapofungwa saa saba, na kuwatupia jicho mpaka mama yao arudi. "Niletee tu," alisema. "Nyumba isiyo na miguu ya watoto ni kaburi lenye madirisha." Mama alicheka. Mshonaji hakucheka.

Kesho yake mama akapita kushukuru.

"Asante bibi, umewasuka vizuri kweli."

Mguu wa mshonaji ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. "Nimemsuka nani? Si ulikuja mwenyewe, jirani? Saa nane. Nilikusalimu ukapita, nikasema moyoni, kazi imemchosha."

Saa nane ya jana mama alikuwa ameinamia hadubini, akihesabu vijidudu katika damu ya mtu asiyemjua. "Umenifananisha," akasema, na akapanda ngazi haraka kuliko kawaida yake.

Msichana alikuwa akichora mezani.

"Mwanangu, nani alikusuka?"

"Wewe."

"Lini?"

"Jana mchana. Mama, umesahau?" Mtoto alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Leo pia ulikuja. Ukatuimbia. Ukasema hutachoka tena."

Yako maumivu ambayo mtu hana wa kumpelekea. Angempigia nani? Dada yake angesema ni majonzi ya ujane. Wenzake kazini walikuwa bado wanamwita "yule mgeni wa maabara". Alizoea kumwambia mumewe mambo ya ajabu, na mumewe ndiye angelifanyia mzaha jambo hili mpaka likawa dogo. Akafunga madirisha, akakagua kufuli, akajiambia kwamba watoto hubuni.

Lakini tangu siku ile hakuna aliyemkimbilia mlangoni. Alipoingia walimwamkia kwa adabu, kama watoto wa watu wanavyomwamkia mpangaji mwenzao, kisha wakarudi kwenye michezo yao. Chakula walikigusa kidogo, walisema wameshiba. Jioni moja Kitinda aliteleza, akagonga paji la uso kwenye kizingiti. Mama alichuchumaa na kufungua mikono. Mtoto akampita. Alikimbia hadi chumba cha nyuma kisicho na mtu, akasimama mbele ya ukuta, akaulilia.

"Njoo baba, mama yako nipo hapa."

"Sikutaki wewe!" Kitinda alipiga yowe. "Namtaka wa mchana!"

Siku iliyofuata mama alimwambia msimamizi wake kwamba kichwa kinamuuma, akatoka saa nane kasorobo. Jua lilikuwa utosini. Mtaani hakukuwa na mtu, milango imefungwa, bembea zimetulia kabisa. Alipofika chini ya dirisha lake akasikia mwanamke anaimba, na ikamchukua hatua tatu au nne kuelewa kwamba sauti ile ni ya kwake, yake hasa, na kigugumizi kidogo alichonacho kwenye herufi moja, ila haikuwa na uchovu, ilikuwa sauti aliyokuwa nayo kabla ya hospitali na mazishi na maboksi ya kuhama, na alipanda ngazi akiwa ameshika ukuta, harufu ile ya vumbi na mvua ikizidi kila ngazi mpaka akawa anaionja ulimini, akasukuma mlango usiolia, akamwona mwanamke amekaa sakafuni amempa mgongo, amevaa gauni lake la bluu, gauni lile lile alilolivaa yeye wakati ule ule pale alipokuwa amesimama, na watoto wamelaza vichwa vyao mapajani mwa mwanamke huyo.

Msichana aliinua macho. Akamwona mama yake mlangoni, na uso ukamjaa hofu.

"Mama," akanong'ona, akimwambia yule aliyekaa, "nani yule?"

Mwanamke hakugeuka. Aliacha tu kuimba, na hapo hapo hakuwepo. Lakini vichwa vya watoto vilibaki vile vile hewani, vimeegemea kisicho kitu, kwa muda wa pumzi moja, kisha vikashuka taratibu hadi sakafuni, kama vilivyowekwa na mkono unaojali.

Mama aliwabeba wote wawili kwa mara moja, wakimpiga mateke, akashuka nao kwa mshonaji.

"Ulijua," alisema.

Mshonaji alifunga mlango. Aliokota kipande cha kitambaa kando ya cherehani. "Nilijua," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana hakuna watoto hapa. Wenye watoto wakisikia habari zake, hawaji, na wasiosikia hukaa mwezi wakahama."

"Na hukuniambia!"

"Nisingekuwa na jirani, mwanangu. Miaka sita nasikia cherehani tu." Alipangusa macho kwa kile kitambaa. "Nilidhani safari hii amechoka."

"Nahama leo hii. Natafuta gari sasa hivi."

"Usihame hivyo. Waliokutangulia walihama hivyo. Mtoto wao alipofika huko akakataa kula, anamlilia mama, na mama yake kamshikia kijiko. Mpaka leo humtazama kama ukuta. Ukihama naye bado yumo mioyoni mwao, umehamisha miili tu. Ngoja nikuitie mtu."

Mtu huyo alikuja kesho yake saa saba na nusu: mganga, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyeuza mitishamba katika chumba nyuma ya duka la baiskeli. Alipanda ngazi akilalamikia magoti yake, akasema jini mwenye adabu angechagua nyumba ya chini. Lakini alipovuka kizingiti akanyamaza, akanusa, na mzaha ukamwisha.

"Hana ubaya," alisema polepole. "Heri angekuwa mbaya. Mbaya unamfukuza, anaondoka akitukana. Huyu ni mpweke. Mpweke unamfukuza huku anakuuliza kosa lake."

"Mtoe, tafadhali."

"Dada, siwezi kukudanganya. Mtaa huu ulikuwa wake kabla haujawa wenu. Kumhamisha siwezi. Ninaweza kumtenga na wanao, na hata hapo kazi kubwa ni yako." Alimwaga chumvi, akachora mstari mweupe kutoka ukuta hadi ukuta. "Yeye amewajua tangu mlipoingia. Anajua nyimbo zako, anajua magauni yako. Cha nyuma hakijui. Niambie, kitu gani cha nyuma hujakitaja mbele ya hawa watoto tangu mfike?"

Mama aliinamisha kichwa. "Baba yao."

"Wanajua yuko wapi?"

"Mkubwa anajua, ila tumeacha kumtaja. Mdogo nilimwambia amesafiri."

Mganga alivuta pumzi ndefu. "Basi hapo ndipo alipopitia."

Saa nane ilipogonga, harufu ya mvua ilijaa chumba. Upande wa pili wa mstari alikuwa amesimama yeye, mama yao, gauni lake, mikono yake, uso wake uliolala usingizi wa kutosha. Mshonaji, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa viganja. Yule mwanamke alifungua mikono, na Kitinda akaruka mstari kumwendea. Msichana akabaki katikati, akiangalia huku na huku.

Mama alitaka kumvuta. Mganga akamkamata mkono. "Usimvute. Ukimvuta, atamrudia. Mwite."

"Kitinda," mama alisema. "Kitinda, baba alikuwa anakubebaje?"

Mtoto akaganda. Alimgeukia yule aliyemshika mkono. "Mama, sema wewe."

"Njoo nikubebe," alijibu yule, kwa upole.

"Hapana. Sema baba alikuwa anasemaje."

Mdomo wa yule mwanamke ulifunguka ukafungika, ukafunguka tena, bila kutoa neno.

Basi mama akasema. Alisimulia jinsi baba yao alivyomtupa Kitinda begani kichwa chini, akazunguka naye uani akinadi kama mchuuzi: nani ananunua gunia hili, bei poa, lakini tahadhari, lina meno! Na jinsi msichana alivyokuja kununua kwa majani makavu, akalipeleka gunia chini ya meza na kurudi kudai limeoza. Alisimulia bila mpangilio, akicheka na kulia, maneno ya miezi minane yakitoka yanasukumana, kikohozi kilichoanza kama mchezo, kitanda cha hospitali, jinsi mumewe alivyomkataza kuwaleta watoto wasimwone amekonda, na mwisho akapiga magoti karibu na ile chumvi.

"Baba hakusafiri, mwanangu. Nilikudanganya. Baba alikufa. Sikujua nikuambie vipi, nikanyamaza, nikakuacha peke yako. Nisamehe."

Msichana ndiye aliyeanza kulia, kilio cha sauti kubwa, cha kwanza tangu mazishi, akamwangukia mama yake shingoni. Kitinda alibaki amesimama, kidole mdomoni.

"Lina meno," akasema taratibu. Kisha akauchomoa mkono wake. "Gunia lina meno, mama." Akavuka mstari kwa miguu yake mwenyewe, akaja, akamng'ata mama yake begani kwa nguvu, na akalia.

Upande wa pili uso ulianza kufutika, macho kwanza, kama maandishi ubaoni yanapopitiwa na kitambaa kibichi. Mdomo ulibaki wa mwisho.

"Nimewakosea nini?" uliuliza.

Mganga alitazama chini. Harufu ikaisha, na chumba kikawa chumba tu.

Asubuhi iliyofuata lori dogo lilisimama nje. Mama alikuwa amepata vyumba viwili katika mtaa wa gereji, wenye nyundo za alfajiri, na mshonaji alipakia cherehani yake kwenye lori hilo hilo, baada ya kuombwa mara moja tu. Walikuwa wanafunga turubai alipotokea mwanamume kijana, amemshika binti mdogo mkono. Aliwasalimu, akauliza kama hapo ndipo penye nyumba inayoachwa wazi.

"Wewe na mtoto tu?" mama aliuliza.

"Mimi na yeye tu," alisema, akatabasamu kidogo. "Kidoti, msalimie mama."

Mama akamwambia. Alimwambia yote pale pale kando ya barabara, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Mwanamume alimsikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu ambaye akili haijatulia vizuri. Alikuwa anafungua mdomo kushukuru na kuaga.

"Kidoti," iliita sauti ya kiume kutoka dirisha la juu, kwenye nyumba tupu. "Kidoti, njoo mwanangu."

Mtoto aliinua uso. "Baba," akasema, akimtazama aliyemshika mkono, "mbona unaniita kutoka kule?"

Mwanamume alikuwa hajasema neno. Alimtazama mama. Kisha akamnyakua mtoto, akamkumbatia kifuani, akamziba sikio kwa kiganja, akageuka njia aliyojia. Mwanzo alitembea, halafu akakimbia.

Sauti haikupanda wala haikukasirika. Iliendelea kuita juu ya barabara isiyo na mtu, kwa subira, jina lile moja, mpaka dereva alipowasha injini.