Uso wa Mzee Raimundi

Muuguzi Notburga alipombonyeza tumbo, Mzee Raimundi alitabasamu.

Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Mzee alikuwa amepooza na kupoteza sauti tangu mwaka juzi, kwa hiyo maumivu yake yalitafutwa usoni: paji lililokunjamana, meno yaliyong'atwa, macho yaliyobanwa. Lakini uso huu ulikuwa laini kama wa mtoto aliyeshiba.

"Baba hajambo leo," alisema binti yake, Eunice. "Si turudi naye tu nyumbani, dada?"

Notburga aliendelea kumkagua. Chini ya shuka, vidole vya miguu ya mzee vilikuwa vimejikunja. Moyo ulikwenda mbio. Na kitanda kilinuka tope la ziwani, ingawa shuka zilibadilishwa asubuhi ile.

Akabonyeza tena, taratibu. Tabasamu likapanuka, na kicheko chembamba cha kike kikasikika kifuani mwa mzee, midomo ikiwa imefumbwa.

"Umesikia?" alinong'ona Notburga.

"Kipo tangu Jumapili," Eunice alisema, amejibanza ukutani. "Niliogopa mtatufukuza."

Alikimbia nje kumwita shangazi yake, Bibi Asteria, aliyejulikana mwambao wote wa ziwa pale Mbamba Bay kwa kutoa majini.

"Shikamoo, bibi," Notburga alisema bibi alipoingia wodini.

"Marahaba." Bibi alinusa hewa. "Ni jini la ziwani. Limemfunika kaka yangu uso, msijue anaumwa wapi mpaka afe."

Akaweka viganja usoni mwa mzee, akaanza kuomba, na ingawa jua la mchana lilikuwa linawaka nje, wodi ikapoa, ukuta ukatoa jasho, harufu ya tope ikawakaba koo, na kicheko kikapanda polepole kutoka kifuani hadi kinywani, mpaka midomo iliyonyamaza miaka miwili ikafunguka.

"Mimi ndiye ninayemtuliza," ikasema sauti ya mwanamke. "Mnataka aumie?"

Bibi Asteria akamgeukia Eunice. "Jibu wewe. Ni baba yako."

Eunice alikuwa analia. "Ndiyo," alisema. "Nataka aumie. Nataka nijue."

Kitu baridi, chenye majimaji, kikawapita miguuni kuelekea mlangoni. Uso wa mzee ukakunjamana wote kwa pamoja, akaguna kwa uchungu mkubwa.

Walimpandisha hospitali ya Mbinga kwa gari saa ile ile. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari akampasua jioni.

Asubuhi Eunice alipiga simu Mbamba Bay, akishindwa kuzuia furaha.

"Shangazi! Baba ameamka. Analia!"