Muungurumo wa Jumamosi Saa Nne

Jumamosi ile fundi saa alifunga kibanda chake mapema, akaning'iniza kile kibao chake cha "Narudi Sasa Hivi" ambacho mtaa mzima unajua maana yake ni kesho, akabeba mfuko wa spana na kwenda nyumbani kwa marehemu kaka yake. Wanawake walikuwa wakianika nguo. Hakuna aliyeshtuka kumwona, maana ilikuwa Jumamosi ya kumi na moja mfululizo, na mtaa ulikuwa umeshachoka kumsema.

Mwanzoni walisema anamnyemelea mjane. Wakachungulia. Wakaona akija anapita moja kwa moja uani, anaingia bandani, na jioni anatoka mweusi wa oili kama kitako cha sufuria, na mjane akimpelekea chai anaiweka juu ya tofali na kuondoka bila hata kukaa. Basi wakaacha, tena kwa masikitiko.

Bandani mlikuwa na gari. Gari la mbio, jekundu, la viti viwili, fupi hata ukikaa ndani makalio yako yanakuwa jirani na lami. Kaka mtu alilinunua ujanani, akatamba nalo, akaenda kuoa nalo, kisha akaugua. Tangu alipokufa, turubai halikufunuliwa kwa miaka kumi na tisa. Wanunuzi walikuja na mjane akawarudisha wote. Siku ya kwanza shemeji yake alipofika na spana, alimwambia jambo moja tu.

"Siku ukiliwasha, shemeji, niite. Nataka nisikie kile alichokuwa anakitafuta mume wangu."

Fundi saa akaitikia huku akitazama viatu vyake.

Watu walidhani ni mapenzi ya ndugu. Haya, mapenzi yalikuwepo. Lakini kilichomtoa kibandani kila Jumamosi ni aibu. Alijiambia kwamba gari likiunguruma mara moja tu, mjane akasikia, lile jambo litakuwa limekwisha, naye hatalazimika kulisema kwa mdomo wake.

Jambo lenyewe ni hili. Miezi minne ya mwisho, kaka mtu alilala chumba cha mbele, hawezi hata kufika uani. Alimwomba mdogo wake kila Jumamosi saa nne aliwashe gari kwa robo saa, lisije likafa. Alimfundisha: ageuze swichi, asubiri pampu ya petroli igonge tik, tik, tik mpaka inyamaze, ndipo awashe. "Nitakuwa nasikia kutoka hapa kitandani," alisema. Jumamosi ndiyo ilikuwa asubuhi ya mkewe kwenda kuchukua dawa, kwa hiyo ndugu hao walibaki wawili tu.

Mdogo mtu aliliwasha Jumamosi moja. Wiki ile umeme ukakatika kibandani kwake, akaazima betri ya gari lile la kaka yake apate taa ya kufanyia kazi. Siku tatu tu. Zikawa tano, na betri ikafa kabisa. Akaona haya kusema. Jumamosi iliyofuata alikwenda uani, akasimama bandani robo saa mikono nyuma, akarudi.

"Mbona sikusikia?" kaka mtu akauliza.

Pale pale angesema kweli, na wangecheka. Lakini akasema limewaka, tena limeunguruma vizuri kabisa, labda ni masikio.

Sasa, kwa habari ya masikio, neno la fundi saa lilikuwa la mwisho. Mtu aliyeweza kuweka saa sikioni na kukuambia imeangukia majini au sakafuni! Mgonjwa akaingiwa na hofu, akaomba apimwe. Ndipo mdogo mtu akafanya kile ambacho mpaka leo akikikumbuka, hata akiwa peke yake, anaufunika uso. Alitoa mfukoni saa ya mkufu, ya mteja ambaye hakurudi, saa iliyokufa zamani, akaiweka kwenye sikio la kaka yake.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Tangu siku hiyo nyumba nzima ilijua kwamba mgonjwa anakuwa kiziwi. Muuguzi alichungulia akasema ni mazima. Mgonjwa akatikisa kichwa, akauliza kama ni mazima, sauti ya gari lake iko wapi. Wageni wakija, aligeukia ukutani kwa aibu, asije akajibu sivyo. Mkewe akaanza kumsemesha kwa kupaza sauti. Kila jioni alipasha mafuta moto kidogo, akayadondosha sikioni, akaziba kwa pamba. Alikufa na pamba masikioni. Maneno ya mwisho ya mkewe aliambiwa kwa kelele.

Basi. Turudi bandani.

Siku hiyo alikuja na fundi magari, mtu mmoja mcheshi wanayemwita Grisi. Tenki lilikuwa limeoshwa, kabureta imesafishwa, plagi mpya. Kilichobaki ni betri. Grisi akainama pale inapokaa, akapiga mluzi.

"Mzee, hili halikulazwa na betri. Angalia nyaya, zimefungwa vizuri kwa uzi wa nailoni. Haya ni mafundo ya mtu aliyezoea kushika vitu vidogo vidogo. Mliacha kuliwasha kabla marehemu hajaumwa, siyo?"

Mjane alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Liliwashwa kila Jumamosi," alisema. "Miezi minne. Na huyu huyu shemeji yangu."

Grisi alimtazama fundi saa. Fundi saa akaitafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Grisi akaenda kuchukua betri kwenye gari lake lililokuwa nje. Mjane akarudi jikoni. Fundi saa akabaki peke yake, akaketi kwenye kiti cha dereva kupumzisha miguu.

Tik.

Alidhani ni bati linalotanuka kwa jua.

Tik, tik, tik.

Ilikuwa pampu. Alijua sauti ile kama anavyojua sauti ya saa zilizo mezani pake. Aliinua shingo akatazama mbele. Boneti lilikuwa wazi. Mahali pa betri palikuwa patupu.

Pampu ikagonga mpaka ikanyamaza.

Akashusha mkono kwenye kiti cha pembeni ili ainuke. Vidole vikagusa kitu laini. Vipande viwili vya pamba, vimeviringwa, vimelowa mafuta.

Vilikuwa na joto.

Alivitia mfukoni haraka, kama mwizi. Grisi akarudi na betri. Betri ikafungwa. Mjane akaitwa, akaja akifuta mikono, akasimama karibu na taa ya mbele. Ilikuwa saa nne kasoro dakika moja. Fundi saa aligeuza swichi, akasubiri pampu, akawasha.

Kimya.

Akajaribu tena. Kimya. Alikuwa anafungua mdomo aseme halijawaka, ndipo akaona usukani unatetemeka. Moshi ulikuwa unajaa bandani. Grisi alikuwa anaruka ruka kama mtoto, mdomo wake unacheka. Kuku walikimbia uani. Mjane alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka.

Alisikia kuku. Alisikia vicheko vya Grisi. Alisikia mjane akisema, "Ndiyo hii sauti aliyokuwa anaitafuta."

Gari hakulisikia.

Alikanyaga mafuta. Kiti kikatikisika, meno yakagongana. Hakuna kitu. Palikuwa na tundu tu mahali pa sauti ile, na kila kitu kingine kilisikika kandokando yake.

Kiti cha pembeni kikalia kidogo, kama mtu ameketi.

Hakugeuka. Kitu cha baridi kiligusa sikio lake la kushoto. Kitu cha mviringo. Cha chuma. Kikatulia pale, kwa upole, jinsi mtu anavyompima mgonjwa.

"Unasikia?"

Ilikuwa sauti ya kaka yake. Haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa na hasira.

"Sisikii, kaka," fundi saa akanong'ona.

Mkono wake ukafika kwenye swichi wenyewe, ukazima. Grisi alikuwa ameacha kuruka. Mjane alikuwa amemsikia.

"Unazungumza na nani, shemeji?"

Akamwambia. Hakushuka garini, alisema yote akiwa ameshika usukani, kama mtoto aliyekamatwa. Betri. Taa ya kibandani. Saa iliyokufa. Alipofika kwenye saa, ilibidi arudie. Grisi alikuwa amegeuka anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Mjane hakulia, wala hakumtukana. Aliishusha kanga kutoka mdomoni.

"Nilikuwa nampigia kelele," alisema polepole. "Mume wangu alikuwa anasikia, na mimi nampigia kelele. Siri zetu zote za mwisho, shemeji, majirani wamezisikia." Akavuta pumzi. "Halafu nikamziba."

Akaingia ndani. Mlango wa uani ukafungwa, na komeo likasikika vizuri sana.

Grisi aliing'oa betri siku hiyo hiyo, akaenda nayo gereji kwake. Alisema hataki malipo, hata ya soda.

Jumamosi iliyofuata fundi saa hakwenda. Aliketi kibandani, akajaribu kufanya kazi. Saa nne na dakika tano akapita jirani wa mjane, mwanamke mwenye mdomo kuliko redio, akamwambia kwa mzaha, "Kaka, hilo gari lenu lina kelele, mtoto wangu ameamka. Kama uko hapa, nani analiwasha?"

Alikwenda mbio, akiwa na viatu vya plastiki.

Mjane alikuwa kwenye dirisha la chumba cha mbele, ameketi penye kitanda cha marehemu, macho ameyafumba. Alikuwa anasikiliza. Fundi saa alimsalimu kutoka nje. Hakufumbua macho. Aliinua kidole kimoja tu mdomoni, kumnyamazisha.

Akazunguka uani, ambako kulikuwa kimya. Banda lilikuwa limefungwa kwa kufuli la nje, na ufunguo alikuwa nao yeye. Akafungua. Mahali pa betri palikuwa patupu, nyaya zinaning'inia. Aliweka kiganja juu ya boneti.

Lilikuwa la moto, na lilikuwa linatetemeka.

Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na ile saa ya mkufu, ambayo miaka kumi na tisa imelala kwenye droo yake kibandani, chini ya kufuli. Ilikuwa imelazwa juu ya vipande viwili vya pamba. Akaiokota. Mshale mwembamba wa sekunde ulikuwa unakwenda.

Akaiweka sikioni.

Akaihamishia sikio la pili.