Kondoo wa Upande Mmoja

Jua lilikuwa linazama nilipofika Singe kumchukua kondoo mweusi kwa mzee Salvatory. Mimi ni mwinjilisti. Kila Jumapili nawaambia watu kwamba damu ya Kristo ilimwagika mara moja, ikatosha. Na sasa nilikuwa nimeshika kamba ya kondoo, naona aibu mpaka masikioni.

Lakini binti yangu Brightness alikuwa anakufa. Siku ya tisa hiyo, kila magharibi damu ilimtoka puani, na madaktari hawakuona kitu.

Mimi nilijua. Magharibi kama ile, kwenye barabara ya Sigino, nilimgonga mtoto Leonsi kwa pikipiki, akafa, nikakimbia. Nilitubu chumbani, mimi na Mungu wangu. Mama yake sikumwambia. Bado ananipa mkono kanisani.

"Kondoo wa damu, anayelipia aliyeuawa, huchinjwa mbele ya waliofiwa," mzee Salvatory alisema. "Nao washike kamba. Wamekubali?"

"Wamekubali, mzee."

Nilidanganya. Mwongo mzima, na Biblia kwapani.

Nilimchinja kizingitini kwangu, peke yangu. Kisu kilipita. Koo likafunguka...

Damu haikutoka.

Hata tone. Kondoo alisimama ananitazama, koo wazi, ananuka petroli na vumbi.

"Shikamoo, mwinjilisti."

Sauti ndogo, nyuma yangu. Leonsi alikuwa akiniamkia hivyo kila Jumapili. Sikuthubutu kugeuka.

"Mungu umemwambia," ilinong'ona. "Mama bado anauliza ni nani."

Ndani, mke wangu Philomena aliita jina la Brightness. Akaita tena. Nilipoingia, shuka lote lilikuwa jekundu, na mtoto amekwisha kupoa.

Nilipotoka nje kondoo hakuwepo. Kamba tu.

Tulimzika Jumatano. Mama Leonsi alikuja mapema kuliko wote, akapika uji wa waombolezaji, kisha akaja kukaa karibu nami.

"Pole, Baba Brightness," alisema. "Sasa na wewe unajua."

Nilifungua mdomo nimwambie. Mungu ni shahidi, nilifungua. Nikaona macho ya watu wote, nikaona kola yangu nyeupe.

"Asante, mama," nikasema.

Tumebaki na Simon, ana miaka sita. Jioni hii, jua likizama, amekuja kuniomba kitambaa cha kufutia pua.