Mchoro Uliokuwa Safi Mno

Kompyuta ya kundi la tano ilikuwa imetoweka, lakini chaja yake ilikuwa bado imechomekwa ukutani.

Inspekta aliinama akaitazama chaja ile kwa muda mrefu. Kituoni walimwita Mama Kwanini, tena mbele yake, naye hakuwahi kukasirika. Katika miaka ishirini ya kazi hakuwa amekutana na mwizi wa kompyuta anayeacha chaja, maana ndiyo mnunuzi anayoiulizia kwanza.

"Imeibwa saa ngapi?"

"Kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi hii, wanafunzi walipokwenda kunywa chai," alijibu mhadhiri aliyesimamia shindano la wanafunzi wa kompyuta. "Inspekta, majaji wanaingia saa nane mchana. Kanuni yetu ni kompyuta moja kwa kila kundi, hakuna nakala nje. Isipopatikana, hawa mabinti wametoka kapa."

Mabinti wenyewe walikuwa wawili. Kiongozi, aliyeitwa Nahodha, alikuwa akiizunguka meza kana kwamba kompyuta ingejitokeza yenyewe. Mwenzake alikuwa amejikunyata kwenye kiti, kimya. Huyo walimwita Chiriku.

"Mnashindania nini hasa?" Inspekta aliuliza.

"Nafasi za maabara," alisema Nahodha. "Makundi matatu ya kwanza yanaendelea na shahada ya pili bure. Mimi nisipoipata hapa, ndiyo basi tena. Narudi nyumbani."

Konstebo aliyekuja naye alinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole mezani. Inspekta alisogea ukutani, ambako kila kundi lilikuwa limebandika mchoro wa matokeo yake. Mchoro wa kundi la tano ulionyesha, kwa nguzo mbili ndefu, njia bora za gari la wagonjwa kufika hospitali. Pembe yake moja ilikuwa imebanduliwa na kuchanika kidogo. Mtu alijaribu kuung'oa, gundi ikamshinda.

Kompyuta, sawa. Lakini karatasi ni ya kazi gani kwa mwizi?

Alimwita kijana wa kundi la pili, mwenye miwani mizito.

"Nifafanulie, mwanangu, kama unamfafanulia shangazi yako. Mchoro wenu una nguzo mbili ndefu, halafu katikati mmejaza vijiti vifupi vifupi. Hivi ni nini?"

"Makosa ya mashine, shangazi. Samahani, Inspekta. Kompyuta halisi ya kwanta, ile inayokokotoa kwa chembe ndogo mno, iko mbali, tunaitumia kwa mtandao, kwa foleni. Ni nyepesi kukosea. Ukiiuliza swali mara elfu moja, lazima majibu kadhaa yapotoke."

"Kila mara?"

"Kila mara. Sote tunaijua hiyo."

"Na huu wa kundi la tano? Nguzo mbili, katikati peupe."

Kijana aliusogelea. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mshindani wao, na bado ilionekana wazi kwamba hakutaka kusema.

"Huu haukutoka kwenye mashine," alisema kwa sauti ya chini. "Umetoka kwenye programu ya kawaida inayoiiga. Tunaitumia kwa majaribio tu. Ukiwaonyesha majaji huu ukasema ni wa mashine, ni udanganyifu. Kundi linafutwa, na jina la kiongozi linapelekwa chuoni."

Inspekta alishusha pumzi. Alirudi mezani.

"Nahodha, jana nani alituma kazi yenu kwenye mashine?"

"Chiriku. Mimi nilikuwa naandaa maelezo."

"Asante. Nenda kanywe maji. Wewe Chiriku, baki."

Wengine nao walitoka, mlango ukafungwa.

"Wenzako wananiambia huwezi kunyamaza hata ukiwa umelala. Leo kulikoni?"

"Sijisikii vizuri."

"Kwanini?"

Chiriku alitupia jicho maboksi ya fulana za shindano yaliyopangwa pembeni.

"Kompyuta iko wapi?"

"Kwenye boksi la fulana," Chiriku alisema, na machozi yakamtoka. "Zile za saizi kubwa ambazo hakuna anayezitaka."

"Sasa niambie kwanini."

"Foleni ilikuwa ndefu. Nikajaribu kwanza kwenye ile programu, nikaihifadhi faili kimakosa penye matokeo ya mashine. Ya mashine sikuituma kabisa, nilidhani nimeituma! Leo asubuhi ndipo nikauona mchoro ukutani. Tayari Nahodha ameshaubandika, ameshawapa majaji muhtasari. Jina lake liko juu."

"Si ungemwambia tu?"

"Ningemwambiaje? Mwaka wa kwanza nilifeli hesabu zote. Nahodha ndiye aliyekaa na mimi kila Jumamosi, miaka miwili, hadi nikasimama. Hajawahi kunidai hata asante. Halafu mimi ndiye nimharibie jina? Nikaona bora akose cha kuonyesha kuliko aitwe tapeli."

Mlango ulikuwa umefunguka. Nahodha alisimama pale na glasi ya maji mkononi.

"Mjinga wewe," alisema. "Sasa ni saa ngapi?"

Saa tano na nusu. Mhadhiri alikubali kazi irudiwe, mradi majaji waelezwe kila kitu, lakini kwenye foleni wangesubiri kwa muda wa saa sita. Kijana wa miwani alikuna kichwa, akasema kundi lake lilikuwa na zamu moja ya mashine iliyohifadhiwa kwa dharura. Waichukue. Nahodha alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Mchoro mpya ulitoka saa saba na dakika arobaini, umejaa vijiti vya makosa. Inspekta, ambaye angeweza kuwa amerudi kituoni kitambo, alishangilia pamoja nao.

Mbele ya majaji, Chiriku alieleza kosa lake mwenyewe, kuanzia faili hadi fulana. Waliwakata alama. Wakawapa nafasi ya tatu.

"Unafungua kesi?" Inspekta alimuuliza Nahodha ukumbini.

"Hapana, mama. Asante sana. Bila wewe ningesimama pale na uongo nisioujua."

Kisha akamgeukia mwenzake. "Na wewe, asante."

"Ya nini? Nimekuibia!"

"Umeniibia ili nisiaibike. Ni ujinga mtupu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunifanyia ujinga mkubwa namna hiyo."

Inspekta alifunga daftari, akatoka taratibu ili wasimwone akijifuta macho.