Taa ya Nyuma ya Trekta la Babu

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kuokota mayai bandani. Kuku wetu hawana adabu, hutaga popote, hata chini ya trekta. Kwa hiyo asubuhi moja baba alipolipanda na kujaribu kuliwasha, nilikuwa papo hapo na kikapu changu. Trekta lilitoa mlio mmoja mdogo, likanyamaza.

"Betri imekufa tena!" Baba aliupiga usukani ngumi. "Jana tu nimeichaji!"

Trekta lilikuwa la babu. Babu alifariki katikati ya Machi, shambani, peke yake, akiwa amekaa kwenye kiti hichohicho. Kijijini kwetu mtu anayekata roho hushikishwa mshumaa unaowaka ili asiende gizani. Babu hakuwa na wa kumshikisha. Jambo hilo lilimliza bibi Safta kuliko kifo chenyewe.

"Siku arobaini atazunguka hapa kwetu kabla ya kuondoka," aliniambia, "na hana hata taa, masikini."

Maneno hayo yalinichoma. Bandani mshumaa ulikatazwa kwa sababu ya majani makavu ya ng'ombe. Basi kila jioni, nikishawafungia kuku, niliwasha taa ya nyuma ya trekta, inayotazama dirisha la upande wa shamba. Huko ndiko babu alikokuwa akitokea aliporudi nyumbani. Asubuhi niliikuta imezimika. Moyo wangu uliruka kwa furaha! Babu hakuvumilia taa iwake bure. Alikuwa akipita chumbani anaizima hata kama wewe unasoma. Nikasema, amekuja, ameizima bila hata kugusa swichi. Nikaizima swichi baba asijue, nikaenda shule na siri yangu.

Fundi Gavrila, rafiki wa babu tangu utotoni, alituletea betri mpya na kuifunga mwenyewe. Siku mbili baadaye nayo ilikuwa kimya. Mahindi ya jirani yalishapandwa, yetu bado yamo guniani. Jumapili baba alimvamia fundi mlangoni mwa kanisa, watu wakitoka.

"Gavrila, umenipa betri mbovu! Arobaini ya rafiki yako haijafika, wewe unawachezea wanawe?"

"Costache, chunga ulimi wako. Nimebeba jeneza la baba yako mimi."

"Asante kwa kubeba. Lakini kwenye arobaini yake sitaki kukuona mezani!"

Mzee Gavrila alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Mimi nikaifikiria taa yangu, isije ikawa ndiyo, na mzee aliponitazama nikainamisha kichwa. Lakini nikajiambia, aa, taa moja tu, na babu huizima! Jioni nikaiwasha tena.

Jumatatu alfajiri mzee alikuja bila kuitwa, amebeba mita yake ya kupimia umeme. Aliipima betri, akaiunganisha na gari lake, trekta likawaka, akapima tena.

"Betri nzima. Inachajiwa vizuri. Kuna kitu kinakula moto wake usiku kucha, na asubuhi hakionekani."

"Labda jini," baba alisema kwa kejeli. "Kusanya vyombo vyako."

Mzee alizunguka nyuma. Trekta zima lilikuwa na vumbi, ila kioo cha taa ya nyuma kiling'aa, kwa sababu nilikipangusa kila jioni. Alikitazama kioo, akanitazama mimi. Kisha akafunga mkoba wake na kuelekea getini.

Alikuwa amejua! Na alikuwa tayari kuondoka na lawama yangu mgongoni.

"Mzee Gavrila, ngoja!" Nilimkimbilia. "Baba, ni mimi. Naiwasha taa kwa ajili ya babu. Asubuhi naikuta imezimwa, kwa hiyo najua kwamba yeye..."

Nikakwama. Nilijisikia nikisema, nikaelewa. Hakuna aliyekuja kuizima. Ni betri tu iliyokuwa ikiisha. Nililia kuliko siku ya maziko, maana siku ile nilikuwa bado sijaanza kumsubiri.

Baba alikaa chini kwenye majani. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Kisha akavua kofia. "Mzee Gavrila, nisamehe. Nilikutukana mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nitakuomba radhi."

Mzee alichuchumaa mbele yangu. "Ruxanda, kumkumbuka babu yako si kosa. Kosa ni kwamba Jumapili ulishaanza kuhisi, ukanyamaza. Ukweli ulioogopa kuusema niliubeba mimi, mwanangu, na ulikuwa mzito. Siku nyingine sema mapema, hata kama unauma."

"Nitasema," nilijibu, kamasi zikinitoka.

Mchana ule alinitengenezea taa ya bati yenye kioo, akaitundika kwenye nguzo ya kisima, mbali na majani. Mahindi yalipandwa wiki hiyohiyo. Kila jioni niliwasha mshumaa ndani ya taa ile, na kila asubuhi ulikuwa bado unawaka.

Siku ya arobaini, mzee Gavrila alikaa mezani karibu na baba, wakala kwa kijiko kimoja ngano tamu inayopikwa kumkumbuka marehemu. Wageni walipoondoka, bibi alinishika mkono, tukaenda kisimani.

"Ameshaondoka," alisema. "Asingependa iwake bure."

Nikafungua kioo, nikaizima mwenyewe.